Pale Mnapopaita Kwa Mlevi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa panga lisilo na mpini. Msimamizi wa kikosi, Elisha Bandora, alilitupa miguuni pangu akaniambia, "Mpini utachonga mwenyewe. Hapa hatulei mtu." Nilikuwa na miaka ishirini, nimeishia darasa la nne, na nilikuwa nimetoka kwetu Muyama kwa miguu. Nilichonga mpini kwa mti wa kwanza niliouona. Ulipasuka kabla ya saa nne. Nikachonga mwingine. Bandora alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, ananitazama na kucheka. Lishikeni jina hilo mapema, Elisha Bandora, kwa sababu nitalitaja tena na sitalifunika.

Haya nawaandikia vijana wa kikundi cha kupanda milima. Twaha, mtoto wa mwenye duka la vyombo pale Kasulu, alikuja kwangu na wenzake wawili, viatu vyao vina meno kama tairi la trekta, kamba zao za rangi ya chungwa zimekunjwa vizuri kama mkate. Wakaniomba kurasa chache za kijitabu chao kuhusu watu wa zamani waliopanda Mlima Rutare.

"Mzee Zabroni, wewe ndiye umebaki," Twaha alisema. "Tupe zile stori kali. Nyoka, chui, mtu kateleza. Watu wasome wacheke kidogo."

Nyoka wapo. Ya kucheka mtayatafuta wenyewe.

Kazi yetu iliitwa upimaji, lakini sisi hatukupima kitu. Aliyepima ni Bwana Mpima Anselmu, mwenye kofia na miwani, aliyeajiriwa na mkandarasi mmoja ambaye kampuni yake ilishakufa zamani. Sisi tulikuwa wakata mkuza. Mkuza ni njia iliyonyooka kama uzi, inakatwa porini ili mashine ya kupimia ione kutoka kilima hiki hadi kile. Mti ukisimama katikati unaondoka, hata kama una mzinga wa nyuki wa mtu. Ukikuta bonde unashuka, ukikuta mwamba unapanda. Nyie leo mnapanda mlima kwa njia inayozunguka, mnapumzika, mnapiga picha. Mkuza haukuwa na kuzunguka. Bwana Mpima alinyoosha kidole, na kidole kilipoelekea ndipo tulipokwenda, hata kama palikuwa ukuta wa mawe.

Mwaka wa kwanza tulikata upande wa Muyama. Mwaka wa pili tukahamia migongo ya Munanila, kule ukungu unakaa mpaka saa tano na huwezi kumwona mwenzako aliye hatua kumi. Huko ndiko nilipandishwa cheo nikawa chenimani, yaani mshika mnyororo wa kupimia, na huko ndiko nilijifunza kubeba maji. Maji tulibeba kwa debe kichwani, na juu ya maji unaweka kitawi chenye majani. Hilo tawi linazuia maji yasiruke unapopanda. Asiyeweka tawi anafika juu na nusu debe, na nguo zimelowa, na Bandora anamrudisha mtoni. Maji yale yalikuwa ya kukorogea zege la bikoni. Bikoni ni nguzo fupi ya zege yenye chuma katikati, ndiyo alama ya mpaka. Kila bikoni mnayoiona kwenye vilele vile ilipanda kwenye vichwa vya watu: mchanga, saruji, kokoto na maji. Hakuna mzigo uliojipandisha.

Bandora alikuwa na neno lake. Mtu akisema amechoka, anamwambia, "Mlima umechoka? Basi na wewe hujachoka." Wengine walicheka ili asiwaangalie vibaya. Na mimi nilicheka. Nilikuwa hodari wa kucheka pale ambapo bosi anataka.

Munanila ndiko alikotujia Tadeo. Baba yake alivuka kutoka Burundi miaka mingi nyuma, Tadeo mwenyewe alizaliwa huku huku, akalima huku, akaoa huku, mke wake Skolastika. Lakini Bandora hakumwita kwa jina. Alimwita Mtu wa Kuvuka. "Wewe Mtu wa Kuvuka, hebu vuka na hilo debe." Tadeo hakukasirika. Alikuwa na mwili mwembamba, vidole virefu, na alipanda mwamba kama mtu anayepanda kitandani kwake. Alikuwa mlokole. Hakunywa, hakuvuta, hata chai alikunywa kidogo. Sisi tulikuwa tukimtania.

"Tadeo, mbinguni kutakuwa na nini cha kunywa?"

"Maji," anajibu. "Na wewe Zabroni utayatamani kutoka upande wa pili."

Tulicheka sana siku ile.

Mwaka wa tatu tukaenda Mabamba, tukapewa Rutare. Kwa Kiha neno hilo ni jabali, na wazee hawakuona sababu ya kuupa mlima ule jina la pili. Bwana Mpima alitaka bikoni juu kabisa, kwa sababu kutoka pale mashine inaona vilima vitatu kwa mara moja. Upande wa magharibi kuna mgongo unaopandika, lakini ni mwendo wa nusu siku, na umejaa mawe yanayocheza chini ya mguu. Upande wa mashariki ni genge, ukuta mtupu wa mwamba, urefu wake kama minara mitatu ya kanisa iliyopandanishwa. Chini ya genge kuna kijito. Mizigo yote ilikuwa kijitoni. Kuizungusha kwa mgongo kila siku kungetuchukua mwezi. Bandora akasema tutavuta mizigo kwa kamba gengeni, na watu watapanda kwa kamba hiyo hiyo.

Ndipo akaletwa Mzee Gwimo.

Mzee Gwimo alikuwa mrina asali. Kwenye magenge ya Rutare nyuki hukaa ndani ya nyufa, na warina wa Mabamba waliwafuata huko kwa kamba ya magome ya miyombo. Mnachubua gome la ndani likiwa bichi, mnalipiga kwa nyundo ya mti, mnasokota nyuzi tatu, halafu mnasokota tena tatu za hizo. Kamba ikimalizika ni nene kama kifundo cha mkono wa mtoto. Kisha inazamishwa kijitoni siku mbili na mawe juu yake. Hapo ndipo kazi ilipo. Kamba ya gome ikiwa imelowa inavutika, inashika, unaweza kumning'iniza ng'ombe. Ikikauka inakuwa kama bua. Inaonekana nzima, inakaa vizuri mkononi, lakini ndani imeshakufa. Kila mrina alilijua hilo toka utotoni, ndiyo maana kila jioni tuliishusha ikarudi kijitoni, na alfajiri ikazungushwa kwa mgongo mpaka juu. Kamba haipandi ikiwa kavu, na inapopita ukingoni mwa mwamba, pale inapokunjika, mtu wa juu anaimwagia maji kila mara, kwa sababu pale ndipo jua na jiwe vinapoila kwanza.

Kulikuwa na jambo jingine. Mtu wa kwanza kuipanda kamba kila siku aliitwa mfungua kamba. Huyo habebi mzigo. Kabla hajakanyaga, anachukua funda moja la pombe ya ndizi kwenye kibuyu, hamezi, anaipulizia kamba kutoka mdomoni, mara moja tu, halafu anapanda. Ni salamu kwa wale waliopanda genge lile kabla yenu. Nilimwuliza Mzee Gwimo kwa nini mtu asimeze. Akasema, "Hiyo ni ya wenyewe. Ya kwako utakunywa ukishuka, ukishuka."

Tulipeana zamu ya kufungua kamba. Siku nane tulipandisha mizigo na hakuna aliyechubuka hata goti. Tadeo ilipofika zamu yake siku ya kwanza alisitasita na kile kibuyu. Mzee Gwimo akamtazama tu. Tadeo akasema, "Mimi na pombe tuliachana siku ya ubatizo. Lakini kamba ni yako mzee, nitaipulizia. Mungu anaona kwamba simezi." Akapuliza, akasukutua mdomo na maji ya kijito mara tatu, akapanda huku akiimba wimbo wa kanisani. Bandora alimwigiza wiki nzima, anavimbisha mashavu kama chura.

Siku ya tisa ilikuwa zamu yangu.

Siku ya nane ilikuwa siku ya gulio Mabamba. Tulipewa ruhusa ya mchana. Wenzangu walinunua chumvi na sabuni wakarudi. Mimi nilikaa kwenye pombe mpaka jua likazama. Nilizoea. Asubuhi niliamka kichwa kinagonga, ulimi umekauka kama ngozi iliyoanikwa. Nilipofika kijitoni nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona: kamba yote imeanikwa juu ya mawe, kuanzia jana yake mchana, jua lote la kiangazi limeipiga. Mzee Gwimo amesimama mbele ya Bandora, mikono nyuma.

"Nimesoma," Bandora alikuwa akisema. "Kitu kikikauka kinakuwa chepesi. Kamba hii ikilowa inabebwa na watu wawili kuizungusha mpaka juu. Ikikauka anabeba mmoja. Huyo wa pili atabeba saruji. Bwana Mpima anataka bikoni ikamilike leo."

"Kamba siyo nguo, bwana," Mzee Gwimo alisema. "Irudishe majini. Kesho tutapanda."

"Kesho ni ya baba yako?"

"Oya, siyo yake. Lakini na hao watu siyo wa baba yako."

Mtu kumjibu Bandora hivyo! Tulitazama chini. Bandora akamwambia achukue shuka lake aende, kazi imekwisha, asionekane tena mlimani. Bwana Mpima Anselmu alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha turubai, hatua ishirini kutoka pale, anasafisha miwani. Alisikia kila kitu. Mzee Gwimo akamgeukia, "Bwana mkubwa, wewe unasemaje?" Bwana Mpima akasema, "Hayo ni mambo ya msimamizi." Akavaa miwani. Basi. Huyo ndiye mkosaji wa pili, na kosa lake ni maneno matano.

Bandora akanitazama mimi. "Wewe ndiye unafungua kamba leo?"

Tadeo akanitangulia kujibu. Alinishika mkono, akauona unavyotetemeka. "Bosi, nitafungua mimi. Zabroni azunguke na kamba, aifunge juu. Kutembea ataweza." Kisha akaninong'oneza, "Nenda polepole, utatapika njiani utapata nafuu."

Hakuna aliyemlazimisha. Alinihurumia.

Nilipoanza kupanda mgongo wa magharibi na kamba ile begani, nyepesi kweli kama alivyosema Bandora, Mzee Gwimo aliningoja kwenye kona ya njia, nje ya macho ya kambi. Alikuwa na kidumu cha lita tano kimejaa maji. Akanitwika kwenye bega la pili.

"Ukishaifunga," akaniambia, "pale ukingoni inapokunjika, mwagia maji yote. Polepole, igeuze huku na huku, iache inywe. Halafu hesabu mpaka mia tano ndipo umwite aliye chini. Gome likinywa pale ukingoni, kwingine litavumilia mtu mmoja mwembamba. Umenisikia?"

"Ego, mzee, nimesikia."

"Usiyanywe."

"Siyanywi."

"Nauona mdomo wako, Zabroni. Usiyanywe."

Mgongo wa magharibi hauna maji. Jua lilipanda pamoja nami. Nilitapika mara mbili, na Tadeo alisema kweli, nilipata nafuu, lakini kiu iliyokuja baada ya hapo sijawahi kuipata tena. Nilisema funda moja. Lita tano ni nyingi, funda moja siyo kitu. Nikafika kwenye jiwe la kwanza la kupumzikia nikanywa. Kwenye la pili nikanywa tena nikajimwagia usoni. Nilikuwa najiambia nusu inatosha. Halafu robo inatosha. Nilipofika juu nilikitikisa kidumu kikanijibu kwa sauti ya kitu kitupu. Nikakigeuza juu ya kamba yakatoka matone, kama mtoto aliyekojoa.

Niliifunga kamba kwenye mti ule ule tuliozoea. Nilipoikunja ukingoni nyuzi zililia. Nyuzi za gome kavu zikikunjwa zinatoa mlio kama mabua ya mahindi mtu anapoyakanyaga. Niliusikia. Naandika haya ili mjue niliusikia. Ningeweza kupiga kelele, genge lile linapeleka sauti vizuri, tulikuwa tukizungumza juu na chini kila siku. Ningesema, "Tadeo, usipande, kamba imekufa." Bandora angeniuliza kidumu kiko wapi? Hapana, Bandora hakujua habari ya kidumu. Hakuna aliyejua isipokuwa mzee. Niliogopa nini basi? Niliogopa kurudishwa chini kwa mwendo wa nusu siku nikiwa na kichwa kile. Nimetafuta sababu kubwa zaidi miaka yote hii na sijaipata.

Tadeo aliita kutoka chini, "Zabroni! Tayari?"

Nikasema, "Tayari."

Nilichungulia. Nilimwona akichukua kibuyu, akipuliza. Upepo ulikuwa unapanda na genge, nusu ya ile pombe ikamrudia kifuani. Nilisikia wakicheka, nikamsikia Bandora, "Mlokole kajibatiza upya!" Kisha akaanza kupanda. Sehemu ya chini ana pa kukanyaga, hakuipa kamba uzito sana. Alipofika pale palipotokeza tumbo la mwamba, ambapo mtu anaachia miguu na kubaki mikononi, kamba ilikatika. Ilikatikia ukingoni, mbele ya macho yangu, pale pale pa kumwagia maji. Hakupiga kelele. Aliyepiga kelele ni mimi.

Mwendo wa kurudi ule mgongo nilishuka kwa kukimbia na kuanguka, hii nyonga yangu mbovu ni ya siku hiyo. Nilipofika walikuwa wamemfunika kwa turubai la kiti cha Bwana Mpima. Bandora alinichukua kando. Alikuwa ameshika daftari la kikosi.

"Kuna maelezo ya kuandika," akasema. "Nikiandika kamba, wataniuliza nani aliianika. Nikiandika pombe, hawaulizi tena. Shati lake linanuka, kila mtu amenusa."

"Tadeo hanywi, bosi. Ile ni ya kupulizia."

"Wakubwa watajua habari za kupulizia? Na jana nani alikuwa gulioni mpaka jua linazama? Nani alikuwa na zamu ya kufungua kamba leo? Ni pombe ya Mtu wa Kuvuka au ni pombe yako. Chagua. Yeye hana wa kumuulizia."

Nilisoma kile alichoandika. Nasoma taratibu, lakini nasoma. Alikuwa ameandika kwamba marehemu alipanda akiwa amelewa baada ya kukatazwa na msimamizi. Chini kulikuwa na mstari wa shahidi. Bwana Mpima alikuwa ameshaweka sahihi yake juu. Mimi nikaandika jina langu, Zabroni, kwa herufi kubwa, kama tulivyofundishwa darasa la pili.

Tulimpeleka Munanila kwa lori la mizigo. Habari ilitufikia mbele, sijui kwa mdomo wa nani. Mchungaji wa kanisa lake alituma neno kwamba mtu aliyekufa kwa ulevi hataombewa na kanisa. Tadeo, aliyesukutua mdomo mara tatu, alizikwa bila wimbo. Skolastika alisimama pembeni mwa kaburi na mtoto mgongoni, anatutazama sisi wa kikosi mmoja mmoja. Macho yalipofika kwangu nilijifanya ninarekebisha shuka.

Kazi iliendelea. Hilo ndilo jambo ambalo vijana hamtaelewa, kazi iliendelea. Ililetwa kamba ya katani ya dukani, na bikoni ya Rutare ikakamilika siku ya kumi na nne. Iko pale mpaka leo. Nilifanya kazi na vikosi vingine vitatu baada ya hapo, Kasulu na Kibondo, nikawa kiongozi wa wakata mkuza, na nilikuwa mkali. Niliacha pombe. Watu walinisifu. Bandora alipandishwa, akajenga, akafa kitandani kwake amezungukwa na wajukuu, na kwenye msiba wake mtu alisimama akasema marehemu hakuwahi kupoteza mtu kazini kwa uzembe wake. Nilikuwepo. Nilikula pilau. Bwana Mpima sijui aliishia wapi, ila nasikia alipata miwani bora zaidi. Mzee Gwimo alifariki baada ya mvua mbili. Hakuwahi kuniuliza habari ya kidumu. Alinikuta siku moja sokoni Mabamba, nikamwamkia, "Mwakeye, mzee." Akapita. Kwetu mtu asipoitikia salamu hana haja ya kuongeza kitu kingine.

Nilistaafu nyonga ilipokataa. Hakuna barua, hakuna hotuba. Niliamka asubuhi moja nikashindwa kuvaa viatu, basi, huo ndio ulikuwa mwisho wa utumishi wangu. Nikadhani na hayo mengine yameisha.

Halafu Twaha akanionyesha simu yake. Alitaka nione jinsi walivyoipanga njia ya Rutare, wameweka vibao vya mbao vilivyochomwa maandishi kwa chuma. Kituo cha Kwanza. Jiwe la Upepo. Na chini ya genge la mashariki, kibao kikubwa kuliko vyote: KWA MLEVI.

"Hapa ni wapi?" nikamwuliza, ingawa nilipajua kila jiwe.

"Hapa wageni wanapapenda sana, mzee. Wenyeji wa Mabamba ndio wametupa jina. Zamani kuna jamaa mmoja alikuwa chakari, akajifanya anapanda, akadondoka. Tukifika hapo tunapiga picha tumeshika chupa za soda, tunayumba hivi." Akayumba. Wenzake wakacheka. "Wewe ulimjua?"

Nikawaambia wanipe wiki moja.

Siku ya pili nilipanda gari kwenda Munanila. Skolastika sasa ni bibi. Nyumba yake ni ile ile imeongezwa bati. Alikuwa anapepeta maharage uani. Hakunikaribisha kiti, na mimi sikukitafuta. Nilisimama na fimbo yangu nikamweleza yote, kamba, kuanikwa, kibuyu, daftari. Nilipofika kwenye kidumu nilinyamaza.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea. Yeye hakuacha kupepeta. Nilipomaliza akaniuliza, "Yote? Lita tano?"

"Yote."

"Nilijua hakulewa," akasema. "Hilo hukuja kuniambia mimi. Shati lile nililifua mimi, mdomo wake niliufuta mimi. Mtu aliyekunywa namjua, nilizaliwa na baba aliyekunywa. Nilikuwa nangoja tu nione nani kati yenu atakuja."

"Miaka yote hii, mama?"

"Wewe ndiye mwenye miguu ya kuja." Akaitazama nyonga yangu. "Ulikuwa nayo."

Nilimwambia habari ya kibao. Hapo ndipo alipoweka ungo chini. Mtoto wake, yule aliyekuwa mgongoni, amekulia na jina la binti wa mlevi, shuleni, kanisani, hata siku ya kuolewa upande wa mume waliuliza. Alidhani jina limeishia Munanila. Hakujua kwamba limepanda mlima na kuandikwa.

"Wamekwambia uandike?" akaniuliza.

"Wameniomba kurasa chache."

"Basi andika. Na usimwandike Bandora peke yake ukapumzika. Uandike na maji."

Sikupewa maji ya kunywa nilipoondoka, na sikuomba.

Kwa hiyo vijana, hizi ndizo kurasa zenu. Twaha alizisoma jana akiwa amekaa kwenye jiwe la mlangoni kwangu, alianza akitabasamu. Alipomaliza akasema, "Mzee, hii haitafaa kwenye kijitabu. Itawatisha wageni." Nikamwambia anisomee tena pale kwenye kidumu, kwa sauti. Akasoma. Aliishia pale niliposema, "Tayari."

Waliohusika ni hawa. Elisha Bandora alianika kamba akijua neno la mrina, kisha akaandika uongo. Bwana Mpima Anselmu alisikia na akasafisha miwani. Zabroni wa Muyama, mkata mkuza, alikunywa maji ya kamba, akasema tayari, akatia jina. Tadeo wa Munanila hakunywa kitu.

Mnaweza kukitoa kile kibao. Kama mtaona ni hasara, kwa sababu jina limeshazoeleka na wageni wanalipenda, kiacheni. Sitakuja kukivunja, nyonga hainifikishi. Lakini basi chomeni na jina la mwenyewe chini yake, kwa herufi kubwa. Herufi ni saba. Mlevi wa Rutare yuko hai, anakaa Muyama, na mkitaka picha njooni mnipige mimi.